Dirisha la Mwisho

Wiki ya kwanza sikuchora nyumba.
Nilichora bilauri, mara ishirini na moja,
na kila mara mdomo wake ukaja duara kama sarafu.
Mwalimu Mize aliizungusha karatasi, akaniuliza:
"Hii umeiona wapi?"
Nikasema, bilauri si ina mdomo wa duara?
"Inao. Nimekuuliza umeiona wapi."

Nikainama hadi kidevu kikagusa meza.
Mdomo ukasinyaa, ukawa yai,
ukawa ukope, ukawa uzi.
Tangu utotoni nanywa maji
katika chombo nisichowahi kukitazama.

Kisha akatutoa nje, sisi wanne,
na vibao vyetu na penseli zilizochongwa kwa wembe,
akatukalisha ukingoni mwa barabara, Michenzani,
mbele ya majumba yale marefu
yaliyolala kama garimoshi lililokosa reli.
"Choreni mnachokiona."

Mimi nimezaliwa humo.
Naijua ngazi iliyomeguka,
mlango unaogoma kila masika.
Najua madirisha yote ni sawa, futi kwa futi,
aliyeyapima hakumpendelea mtu.
Basi nikayachora sawa.
Jumba likakaa bapa kama kanga kwenye kamba,
mtu hana pa kuingilia.

Mize hakusema nimekosea.
Alinyoosha mkono, kiwiko kikakaza,
akafumba jicho moja, penseli wima,
ukucha wa gumba ukateremka taratibu:
dirisha la kwanza, nusu ya penseli.
La tisa, ncha tu.
"Lipime. Usilihurumie."

Nikapima, na uchungu ukanipanda,
maana dirisha la mwisho, ghorofa ya nne,
ni la bibi yangu Mwanakombo,
na mkono uliponyooka
halikuzidi punje ya ufuta.
Paa likashuka, barabara ikapanda,
nguzo za umeme zikasongana kama foleni ya mkate,
vyote vikikimbilia nukta moja
juu ya mstari ulio usawa wa jicho langu.
Nilipokaa, mstari ukakaa.
Niliposimama, ukasimama nami,
kama mtoto asiyetaka kuachwa.
Nilifuta mpaka karatasi ikaota ndevu.

Baada ya alasiri nikampelekea bibi.
Akavaa miwani yake, mguu mmoja chuma, mmoja uzi,
akasaka.
"Mimi niko wapi?"
Nikamwonesha.
"Hapa? Hiki kinyesi cha nzi?
Miaka arubaini nalipa umeme wa hiki?"

Nikaanza kueleza: nukta, mstari, umbali.
Akanikatiza, akanivuta dirishani.
"Ulikaa wapi?"
Pale, nikasema, karibu na muuza urojo.
Naye akanyoosha mkono, sijui nani kamfunza,
akafumba jicho, akanibana
mimi ambaye sipo tena pale
katikati ya gumba na shahada.
"Asubuhi nilikuona. Ulikuwa hivi.
Nikasema, yule mdudu aliyekaa juani bila kofia
ni wa kwangu."

Leo nimerudi na karatasi mpya.
Nimechonga ncha kali kuliko haja.
Dirisha ni punje, nami nimeliacha punje,
sikuongeza hata unywele kwa ajili ya mapenzi.
Lakini ndani ya punje nimetia alama,
kichwa labda,
au kopo la mrehani lililohamishwa kivulini.

Mize ameinama begani kwangu.
"Hii umeiona, au unaijua?"

Nimenyoosha mkono.
Nimefumba jicho moja.
Bado natazama.